Augustus, Trajan au Hadrian: uanze na nani ukitaka kuielewa mipaka ya Roma?

Kila mwaka hawakosekani vijana wawili watatu darasani kwangu wa kuniuliza swali hili: "Mwalimu, hawa makaisari wa Roma ni wengi mno. Nisome yupi?" Wana haki ya kuuliza. Tangu mwaka 27 KK hadi dola ya magharibi ilipoanguka mwaka 476 BK walipita watawala zaidi ya 60, wengine wakikaa miongo, wengine miezi tu kabla ya kuuawa. Ukitaka kuwameza wote utabaki na orodha ya majina kichwani, na hutamjua hata mmoja.

Mimi huwarudishia swali: unataka kuelewa nini? Kama ni mipaka, yaani namna mji mmoja kando ya mto Tiber ulivyokuja kutawala kutoka Hispania hadi mto Frati, na kwa nini ulifika mahali ukakoma, basi watatu wanatosha. Augustus alipanua kisha akasita. Trajan alikwenda mbali kuliko wote. Hadrian alirudi nyuma.

Kuna ramani moja ambayo vitabu vya shule vinaipenda sana, ile ya mwaka 117 BK, dola ilipokuwa kubwa kuliko wakati mwingine wowote. Ramani hiyo inapotosha, kwa sababu eneo lake la mashariki kabisa halikushikiliwa hata miaka mitatu. Kwa hiyo ninapowaweka hawa watatu ubavu kwa ubavu simtafuti aliyefika mbali. Natazama kule walikofika: nani alibaki analinda, alilipwa na nani, na alikula nini.

Kila mmoja alikuta nini

Augustus alianza kama Octavian, kijana wa miaka 18 ambaye Julius Caesar alimrithisha jina na mali kwa wosia. Caesar aliuawa mwaka 44 KK, na miaka iliyofuata Warumi wakachinjana wao kwa wao. Vita vya baharini vya Actium mwaka 31 KK vilimaliza ubishi, mwaka uliofuata Misri ikawa mikononi mwake, na mwaka 27 KK Seneti ikampa jina la Augustus. Msomaji wa Injili ya Luka anamjua tayari, ndiye Kaisari Augusto aliyeamuru watu waandikishwe. Alikuta lejioni zinazokaribia 60, kila lejioni ikiwa na askari kama 5,000, na wote wanataka mshahara na shamba la kustaafia. Akazipunguza hadi 28.

Trajan aliingia mwaka 98 BK, kaisari wa kwanza kutoka ukoo uliokaa majimboni, mwenyeji wa Italica huko Hispania. Yeye alikuta dola imetulia. Mwiba wake ulikuwa ng'ambo ya mto Danube, kwa mfalme Decebalus wa Dacia, nchi ambayo leo ni Romania. Tangu mapatano ya mwaka 89, yaliyofanywa na Kaisari Domitian, Roma ilikuwa ikimpelekea Decebalus fedha na mafundi ili akae kimya. Kwa askari aliyekulia kambini kama Trajan, hiyo ilikuwa fedheha.

Hadrian, ndugu wa ukoo wa Trajan aliyelelewa chini ya uangalizi wake, alikuta nyumba inaungua. Tutaufikia moto huo.

Augustus: mkono mrefu, kisha breki

Watu wanamkumbuka kwa amani, lakini ni Warumi wachache mno walioongeza nchi nyingi kama yeye. Misri. Galatia mwaka 25 KK. Kaskazini ya Hispania, baada ya vita vya miaka kumi vilivyoisha mwaka 19 KK. Milima ya Alps mwaka 15 KK, kazi iliyofanywa na wanawe wa kambo Tiberius na Drusus. Kisha nchi zote za kusini ya Danube, hadi mto wenyewe ukawa mpaka. Misri aliibana kuliko kwingine kote: hakuna seneta aliyekanyaga huko bila ruhusa yake, maana nafaka ya Misri ndiyo iliyoulisha mji wa Roma, na mwenye ghala la chakula angeweza kudai kiti. Kupitia bandari za Misri za Bahari ya Shamu biashara ya mbali ilinenepa hata pwani yetu ikaingia kwenye maandishi. Mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 BK unaitaja Azania na soko lake la mwisho, Rhapta, palipopatikana pembe za ndovu.

Tazama pia alivyowamaliza Waparthi, dola kubwa ya Uajemi wa wakati huo. Mwaka 53 KK walikuwa wamemuua jemadari Crassus pale Carrhae na kuteka tai za lejioni, zile nembo ambazo askari alikuwa tayari kufa kuliko kuzipoteza. Warumi walitaka kisasi. Augustus alisogeza jeshi karibu, akatuma watu wazungumze, na mwaka 20 KK tai zikarudi bila vita. Akajisifia jambo hilo kwenye sarafu kana kwamba ameshinda vita kubwa.

Ujerumani ndiko alikoumia. Drusus alifika hadi mto Elbe kabla ya kufa mwaka 9 KK kwa kuanguka na farasi, na kwa muda ilionekana mpaka utahama kutoka Rhine kwenda Elbe. Liwali mpya, Publius Quinctilius Varus, akaanza kutoza kodi na kusikiliza kesi kama vile nchi imeshapoa. Aliyekuwa akikaa naye meza moja ni Arminius, kijana wa kabila la Wacherusci mwenye uraia wa Kirumi, aliyewahi kupigana upande wa Roma na kuijua mbinu yao yote. Mwaka 9 BK, majeshi yakiwa safarini, Arminius aliyaongoza kwenye njia nyembamba kati ya msitu na matope. Askari, mizigo, wanawake na watoto walikuwa wamejipanga mstari mrefu usioweza kugeuka. Lejioni tatu, ya 17, ya 18 na ya 19, ziliteketea kwa siku chache. Mwandishi Suetonius anasema Augustus aliacha nywele na ndevu zikue kwa miezi, akagonga kichwa mlangoni, akilia Varus amrudishie lejioni zake. Namba hizo tatu hazikutumika tena.

Alikuwa na miaka 70 na zaidi. Alipofariki mwaka 14 BK, Tiberius alikuta ushauri wake kwa maandishi: dola ibaki ndani ya mipaka yake.

Trajan: ukitaka vita, madaraja na dhahabu

Kwa simulizi, hakuna anayemfikia. Alipigana na Dacia mara mbili, mwaka 101 hadi 102 na 105 hadi 106. Katikati ya vita hivyo viwili mhandisi wake, Apollodorus wa Damascus, alijenga daraja juu ya Danube lenye nguzo 20 za mawe na urefu wa zaidi ya kilomita moja. Fikiria mto huo, upana wake na kasi ya maji yake, na wewe unatakiwa kusimamisha nguzo katikati. Vipande vya nguzo za kingoni bado vinaonekana karibu na mji wa Drobeta-Turnu Severin.

Decebalus alikimbia hadi akazingirwa na wapanda farasi, akajiua. Tunamjua hata askari aliyemfikia, Tiberius Claudius Maximus, kwa kuwa jiwe la kaburi lake lilipatikana kaskazini ya Ugiriki. Limechongwa picha yake juu ya farasi, na mfalme wa Dacia anaanguka mbele yake kisu cha mpindo kikimtoka mkononi. Chini yake ameandikisha kazi alizofanya, pamoja na kwamba ndiye aliyempelekea Trajan kichwa cha Decebalus. Mtu huyo aliona hiyo ndiyo siku ya maisha yake, na alitaka kila apitaye kaburini pake aisome.

Dhahabu nayo ina kisa. Decebalus alikuwa ameugeuza mto Sargetia njia yake kwa kuwatumia mateka, akachimba shimo mkondoni, akazika hazina na kuurudisha mto juu yake. Mtu wake wa karibu akaja kuonyesha mahali. Roma ikala sherehe za siku 123, wakapigana watu 10,000 uwanjani na kuchinjwa wanyama 11,000. Mwaka 113 ukazinduliwa ule mnara wa Trajan uliosimama hadi leo, wenye mkanda wa picha unaouzunguka mara 23 na watu zaidi ya 2,500 waliochongwa. Ukiutazama tafuta wapanda farasi wenye misokoto ya nywele wasio na matandiko. Hao ni Wamauri kutoka Afrika ya Kaskazini, na jemadari wao, Lusius Quietus, alikuwa mmoja wa watu wa Trajan wa kutegemewa.

Uarabuni ya Wanabatea, pamoja na mji wa Petra, aliichukua mwaka 106 bila kelele nyingi, akaitengenezea barabara kutoka Bostra hadi Bahari ya Shamu.

Lau angeishia hapo ningemchagua yeye bila kufikiri mara mbili. Lakini mwaka 114 aliingia Armenia, akashuka Mesopotamia, na mwaka 116 akauteka Ctesiphon, mji mkuu wa Waparthi. Alifika hadi Ghuba ya Uajemi. Mwanahistoria Cassius Dio anasimulia kuwa aliona pale merikebu ikiondoka kwenda India, akasema angekuwa kijana angevuka naye. Mzee mwenye zaidi ya miaka 60 amesimama ufukweni anawaza India, na nyuma yake nchi alizoziteka zinaasi mji baada ya mji, na Wayahudi wa Kirene, Misri na Kupro wameshainuka. Alipouzingira mji wa Hatra, katika jangwa lenye nzi na kiu, walinzi wa ukutani walimtambua kwa mvi zake wakamlenga mishale, akafa mpanda farasi aliyekuwa karibu naye. Aliondoka bila kuuteka. Agosti 117 akafia njiani, huko Kilikia, hajafika nyumbani.

Hadrian: aliyesema basi

Uamuzi wake wa kwanza mkubwa ulikuwa kuachia. Armenia, Mesopotamia na Assyria, zote akazitoa. Hili lilihitaji moyo, kwa sababu majemadari waliozivamia walikuwa hai na Trajan alikuwa kipenzi cha watu. Pia lilimwaga damu: watu wanne waliowahi kuwa konsuli, cheo cha juu kabisa cha Seneti, waliuawa mwanzoni mwa utawala wake, Lusius Quietus akiwa mmoja wao, na Seneti haikumsamehe hadi anakufa. Sehemu ya juu ya daraja la Danube aliiondoa ili adui asivukie. Dacia yenyewe aliibakiza, kwa kuwa Warumi wengi walikuwa wamehamia huko.

Kisha akasafiri, na hapa ndipo anapokuwa tofauti na wenzake. Karibu nusu ya miaka yake 21 aliitumia nje ya Italia, akikagua jimbo baada ya jimbo, akitembea na askari kichwa wazi kwenye baridi na jua. Mwaka 122 alifika Uingereza, na ukuta unaobeba jina lake ukaanza kujengwa kutoka bahari hadi bahari, kama kilomita 118, wenye kiboma kila maili ya Kirumi na minara miwili kati ya kiboma na kiboma. Wajenzi walikuwa askari wenyewe, wa lejioni tatu. Geti za viboma hivyo zinaonyesha kwamba ukuta haukukusudiwa kufunga njia kabisa. Watu na mifugo walipita, wakaonekana, wakahesabiwa.

Askari wa mpakani wa zama hizo tunawasikia kwa sauti zao. Huko Vindolanda, ngome iliyo kusini kidogo ya ukuta, zimechimbuliwa barua zilizoandikwa kwa wino juu ya vibao vyembamba, nyingi za miaka michache kabla ya ujenzi kuanza. Mmoja anaelezwa kwamba ametumiwa soksi, jozi mbili za ndara na nguo za ndani mbili. Ofisa mmoja anaomba amri kwa mkubwa wake, na mwishoni anaongeza kuwa vijana hawana bia, tafadhali agiza iletwe. Mke wa kamanda anamwalika mwenzake sherehe ya siku yake ya kuzaliwa. Nikisoma hizo ndipo naelewa kuwa mpaka wa Roma ulikuwa watu wanaosikia baridi.

Na mwaka 128 alikuwa Lambaesis, katika Algeria ya leo, akitazama mazoezi ya lejioni ya 3. Hotuba yake ilichongwa kwenye jiwe na sehemu kubwa imepona. Anawasifu askari kwamba ukuta ambao wengine wangeugawa kwa siku kadhaa wao wameumaliza kwa siku moja, na anasema wametumia mawe makubwa, mazito, yasiyolingana. Kaisari anayejua ugumu wa kupanga mawe yasiyolingana amekwisha kulikaribia jiwe lenyewe.

Lakini usimfanye mtakatifu. Mpango wake wa kujenga mji wa Kirumi, Aelia Capitolina, juu ya Yerusalemu ulichangia uasi wa Wayahudi ulioongozwa na Bar Kokhba, mwaka 132 hadi 135. Cassius Dio anataja vijiji 985 vilivyoharibiwa na watu 580,000 waliouawa vitani. Hata ukizipunguza hesabu hizo, nchi ilibaki magofu, na Wayahudi wakakatazwa kuukanyaga Yerusalemu. Aliyekataa vita vya kuongeza nchi alipigana vita vya kuishika kwa ukatili wa kutisha.

Nani alilipa

Hapa tofauti zao zinajitokeza kuliko kwenye ramani. Mwaka 6 BK Augustus alianzisha hazina maalumu ya askari, akaiwekea sesterti (sarafu ya Kirumi) milioni 170 kutoka mfukoni mwake, kisha akailisha kwa kodi ya asilimia 5 ya urithi na asilimia 1 ya mauzo ya mnada. Askari wa lejioni akimaliza miaka 20 alilipwa sesterti 12,000. Matajiri walinung'unika sana, ila mfumo ukasimama. Trajan alilipia kwa dhahabu ya Dacia, na dhahabu ya kuteka huja mara moja. Hadrian naye mwaka 118 alifuta madeni ya kodi ya sesterti milioni 900 na kuamuru nyaraka zichomwe hadharani, na zilichomwa katika uwanja wa Trajan mwenyewe. Alijua majimbo yamekamuliwa kulipia safari ya mashariki.

Basi uchague yupi

Kama unapenda majeshi, mbinu na uhandisi, au unataka kujua kwa nini Waromania leo wanazungumza lugha iliyotokana na Kilatini, chukua Trajan. Dacia ilidumu mikononi mwa Roma zaidi ya miaka 160. Kama wewe ni mtu wa utawala, unayejiuliza ufanye nini na kilichopo badala ya kutafuta kingine, chukua Hadrian, na usiruke sura ya Uyahudi.

Wapo watakaoniuliza mbona simtaji Septimius Severus, Mwafrika wa Leptis Magna, Libya ya leo, aliyetawala kuanzia 193 hadi 211. Anastahili makala yake. Alirudi Mesopotamia akaifanya jimbo, akasogeza mpaka wa Afrika kuelekea jangwani, akafia York akiwa vitani. Lakini umsome baada ya watatu hawa, maana kila alichofanya alikuwa akiwajibu wao.

Ukiwa na nafasi ya mmoja tu, nakushauri Augustus. Kwa Trajan utaona kupanua na kwa Hadrian utaona kuachia. Kwa Augustus utaviona vyote ndani ya maisha ya mtu mmoja, na utamwona akibadilika. Tena usianzie Actium wala Ujerumani. Anzia kusini ya Misri.

Katika miaka ya 20 KK, majeshi ya Kushi, ufalme uliokuwa katika Sudan ya leo, yaliivamia Aswan na Philae yakaangusha sanamu za Kaisari. Liwali Petronius akajibu kwa kuushambulia na kuubomoa mji wa Napata, akaacha askari 400 ngomeni Premnis wenye chakula cha miaka miwili. Malkia wa Kushi, aliyeitwa kwa cheo chake cha Kandake, hakukubali. Alirudi na jeshi. Wajumbe wake walipoambiwa wapeleke madai kwa Kaisari, walisema hawamjui Kaisari ni nani wala anapatikana wapi, wakapewa wa kuwasindikiza hadi kisiwa cha Samos. Augustus akawapa walichoomba na akawafutia kodi aliyokuwa amewatoza. Mpaka ukakaa kusini kidogo ya Aswan kwa karibu miaka 300, hadi Kaisari Diocletian alipourudisha Aswan kwenyewe mwaka 298.

Huko Meroe, mji mkuu wa Kushi, kichwa cha shaba cha mojawapo ya sanamu zile kilizikwa chini ya ngazi za hekalu, ili kila aingiaye kusali amkanyage Augustus. Mwaka 1910 wachimbaji walikikuta palepale, macho yake ya kioo na jiwe yakiwa bado yamefumbuka.